Jino la Mama Nafula

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za duka, nikakatiwa keki yenye jina langu lililokosewa, nikarudi nyumbani Kiplombe kulisha kuku. Nyinyi mliobaki mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Juu ya vyeo sina la kusema, maana duka la kuchapa lina vyeo viwili tu: mwenye duka na wengine. Juu ya mshahara tusiharibiane siku. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, hasa juu ya tabia moja iliyonipandisha presha kuliko stima kupotea tukiwa katikati ya programu ya mazishi ya kesho. Tabia ya watu kuchukua maneno ya wenzao na kuyavaa kama yao.

Nilifika Eldoret kutoka magharibi nikiwa na cheti cha kupiga taipu na kiburi kingi. Nilikuwa mwepesi wa vidole na nilitaka kila mtu alijue hilo. Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye taipureta mbili na mashine ya kutoa nakala kwa kuzungusha stensili, ile karatasi ya nta, kwa mkono. Ukikosea herufi kwenye stensili unapaka dawa nyekundu ya kufutia, unapuliza, unangoja ikauke, halafu unapiga tena juu yake. Wino wa ile mashine ulikuwa hautoki. Nilienda kanisani na kucha nyeusi mpaka mchungaji akaniuliza kama ninafanya kazi gereji.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Rael, mpiga taipu wa kwanza wa duka lile. Alikuwa mwanamke mpole, mzito wa kusema, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Siku yangu ya kwanza walikuja vijana wawili waliofiwa na baba, na karatasi yenye mistari mitatu: alizaliwa, alioa, alifariki. Mimi nilikuwa tayari nimeshaingiza karatasi kwenye mashine. Mama Rael aliniwekea mkono begani, akavua miwani, akawauliza, "Baba yenu akikasirika alikuwa anafanya nini?"

Wale vijana walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, kisha akafuta macho. Akasema baba yao akiudhika hakuwa anagombana na mtu, alikuwa anaenda nyuma ya nyumba kubomoa rundo lote la kuni na kulipanga upya, kuni moja moja, hata kama ni mvua. Walikuwa wanajua ukubwa wa kosa lao kwa jinsi kuni zilivyonyooka. Tuliyachapa hayo, na nilisikia baadaye kwamba pale kaburini watu walicheka na kulia kwa pamoja.

Walipoondoka Mama Rael aliniambia nisiwahi kumuuliza mtu kama marehemu wake alikuwa mzuri, kwa sababu wote huwa wazuri wakishakufa. Hasira ndiyo kila mtu huwa na yake. Nilichukua neno hilo nikalitumia mpaka nilipostaafu, na wateja wakaniita Mama Taipu, mwanamke wa maswali ya ajabu.

Kompyuta ilipokuja nilishangilia kama wengine. Hakuna tena dawa nyekundu, hakuna kupuliza. Sikujua kwamba tumefungua mlango wa balaa. Zamani, mtu akitaka wasifu wa baba yake ufanane na wa jirani, ilibidi mtu akae apige upya kila herufi, na huko kuchoka kwenyewe kulimfanya mtu afikiri. Sasa mteja anaingia, hata hajaketi, anasema, "Nipe tu kama ile ya Mzee wa juzi, badilisha jina."

Badilisha jina. Laiti wangebadilisha. Kuna mzee mmoja kapera, aliyeishi na mbuzi wake maisha yake yote, alisomewa mbele ya kaburi kwamba alikuwa mume mwenye upendo. Wanawake watatu kwenye umati waligeuka kutazamana, na nasikia ukoo ulikaa vikao juu ya jambo hilo. Hiyo programu haikuchapwa kwetu, nashukuru Mungu.

Iliyokuja kwetu ni ya yule mwanafunzi wa chuo aliyeleta tasnifu tuitie jalada gumu. Kwenye ukurasa wa shukrani alimshukuru mke wake kipenzi, Jacinta, kwa uvumilivu. Mke wake alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi letu akimngoja, na haitwi Jacinta. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama jina hilo ni sawa, lakini mke naye ana masikio. Ilibidi mwanafunzi atangaze mbele yetu sote kwamba ukurasa ule, na nyingine nyingi, ziliandikwa na mwanamume mwingine wa mbali. Sijawahi kumwona tena mtu akijiita mwizi kwa furaha namna ile.

Na msifikiri simu za sasa zimeponya ugonjwa huu. Zimeueneza. Unaiambia simu kwamba mama amefariki, inakuandikia papo hapo kwamba alikuwa nuru iliyoangaza njia ya wengi. Mwaka wangu wa mwisho nilichapa nuru hiyo hiyo kwa bibi aliyekuwa anapika pombe ya chang'aa na kwa askofu. Nikiwauliza waliofiwa akikasirika alikuwa anafanya nini, wananitazama kama ninaomba siri ya nyumba.

Basi nije kwa Nafula, maana yeye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Nafula ni karani wa duka la mbegu na dawa za mifugo, mwanamke wa maneno machache. Mama yake alikuwa kibarua wa maghala ya nafaka kule Moi's Bridge, anaanika mahindi ya watu kwenye maturubai na kuyageuza kwa mguu. Alipofariki, Nafula alikuja na karatasi tupu akasema hajui kuandika mambo ya wafu. Nikamuuliza swali langu. Akaanza kusema na mimi nikaanza kupiga.

Alisema mama yake alikuwa anauma punje ya mahindi kujua kama imekauka. Ikilia chini ya jino, anacheka. Isipolia, anakasirika, anaitukana mvua kwa jina kama mtu anayemjua. Miaka mingi ya kuuma mahindi ya wengine, jino moja la upande wa kulia likaliwa mpaka likawa kipande. Hakutaka ling'olewe. "Mimi na ndugu zangu tumesomeshwa na jino hilo," Nafula alisema mwishoni, "na tunamzika nalo." Nilipomaliza kuchapa nilitoka nje nikasimama kidogo.

Sasa mnaikumbuka desturi ya duka letu na kioo. Bwana Kamau, mwenye duka, alikuwa anabandika kwenye kioo cha mbele programu zilizotoka vizuri ili wapita njia waone kazi yetu. Jalada moja hapa, ukurasa wa ndani pale. Ule wa Nafula aliubandika ukurasa wa ndani tu, kwa sababu maandishi yalikaa vizuri, na jalada lenye jina na picha ya mama halikupata nafasi. Nilimwambia si vizuri maneno ya mtu kusimama peke yake barabarani bila jina. Akanijibu kwamba kioo ndicho kinacholeta wateja, na mimi nimeajiriwa kuchapa tu.

Haikupita muda, mheshimiwa mmoja wa kwetu akafiwa na mama. Simtaji, kwanza kwa sababu haitaongeza kitu, na pili kwa sababu anapenda kutajwa. Mazishi yalikuwa nyumbani kwao upande wa Plateau, mahema kama ya harusi, na redio ilitangaza moja kwa moja. Programu zao zilichapwa Nairobi kwa karatasi ya kung'aa. Mimi nilikuwa dukani napanga kadi za harusi, redio ikisema peke yake, Mheshimiwa aliposimama. Akasema mama yake alikuwa anauma punje ya mahindi. Ikilia anacheka. Isipolia anaitukana mvua kwa jina.

Niliinua mikono kwenye kibodi. Nilidhani ni mimi ninayeumwa. Akaendelea mstari kwa mstari mpaka kwenye jino, akasema yeye na ndugu zake wamesomeshwa nalo, na sauti yake ikakatika mahali hasa ambapo mimi niliweka nukta. Umati ulilia. Kesho yake jino lilikuwa kwenye kila grupu la simu na kwenye mahubiri. Kulikuwa na kanga zilizochapwa maneno hayo, na wanawake walizinunua.

Nilikasirika kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Nilimwambia Bwana Kamau lazima kuna mtu alisimama mbele ya kioo chetu akapiga picha. Akasema hiyo ni sifa kwa duka.

Nafula alikuja baada ya wiki chache. Hakuja kuuliza nani alifanya, alishajua ni nani. Alikuja kwa sababu kina mama wa kanisani kwake walimwomba aseme neno juu ya mama yake katika sala ya shukrani, akasema aliyoyasema siku ya mazishi, na wakaanza kukonyezana. Mmoja alimwambia baadaye, kwa upole kabisa, kwamba si vizuri kumwiga Mheshimiwa, na kwamba kila mtu ana mama yake. Aliponieleza hayo alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Mama Taipu," akasema, "nikitaja jino, watu wanasikia la mama yake. Mimi sasa mama yangu nitamsema vipi?"

 Nilichukua mkoba wangu tukaenda ofisini kwa Mheshimiwa.

Hatukumwona. Tulimwona msaidizi wake, kijana anayeitwa Collins, nadhifu, simu mbili, hotuba zote za Mheshimiwa hupitia kwake. Alitukaribisha chai. Nilimweleza kwamba yale maneno yaliandikwa mezani kwangu na kwamba Nafula hataki kitu ila yasemwe hadharani ni ya nani. Collins hakukana, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Angekana ningekuwa na mtu wa kugombana naye.

"Sasa mamangu, si ni maneno tu?" akasema. "Ilikuwa hapo kwa kioo, watu wote wanaona. Mheshimiwa amei-boost tu. Si mngefurahi imefika mbali?"

Nafula alimuuliza kama mama yake Mheshimiwa aliwahi kuuma mahindi. Collins akasema mama wote wa Kenya wamefanya kazi ngumu, hiyo ndiyo maana yake, mtu asiichukulie kama kitu cha mtu mmoja. Halafu akauliza kama tungependa kupiga picha na Mheshimiwa siku atakayokuwepo. Tuliacha chai.

Kwenye ngazi tulikutana na Mheshimiwa mwenyewe anapanda na watu wake. Collins alimnong'oneza kwamba Nafula naye alifiwa na mama. Mheshimiwa akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akampa pole, akamwambia na yeye bado anaota lile jino. Macho yake yalikuwa na machozi. Nimefikiria sana juu ya machozi hayo, na nadhani hakuwa anaigiza. Alikuwa ameyasoma maneno yale mara nyingi mpaka akayaamini. Mwizi wa kuku angalau anajua kuku si wake.

 Tangu siku ile Nafula aliacha kumtaja mama yake kabisa. Nikimwuliza habari za nyumbani ananiambia habari za mbegu. Mimi nilizidi kumsumbua Bwana Kamau auondoe ule ukurasa, naye akazidi kukataa, akisema sasa ndio unavuta watu kweli, wanadhani ni sisi tuliomchapia Mheshimiwa. Kuna siku nilitamani kioo kile kipasuke chenyewe.

Karibu mwaka ukazunguka. Asubuhi moja nilimwona mzee mrefu, amevaa koti zito na kofia, amesimama nje ya kioo anasoma. Alisoma, akaondoka, akarudi, akasoma tena. Kisha akaingia, akavua kofia, akaketi kwenye benchi bila kuombwa.

"Huyu mama wa jino ni nani?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa mama wa Moi's Bridge, na binti yake ndiye aliyeyasema maneno hayo. Nikamwuliza yeye ni nani. Akasema yeye ni baba yake Mheshimiwa. 

"Mama ya watoto wangu alikuwa na meno ya bandia," Mzee akasema. "Tangu huyo kijana hajazaliwa. Mahindi alikuwa hali, hata ya kuchemshwa."

Aliniambia siku ile ya mazishi alikaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mikono, akasikiliza mtoto wake akimzika mwanamke asiyemjua. Mwanzoni alidhani uzee umemsahaulisha. Watu walimjia wakilia, wakimsifia jino la mke wake, naye akaitikia kwa sababu hujui utamwambia nini mtu anayelia. Jioni alipobaki peke yake alitambua kwamba mke wake hakusemwa hata neno moja. Alizikwa bila kutajwa, mbele ya maelfu, na maua mengi. Mwaka mzima alikuwa anataka kujua ni nani aliyeliliwa, na huyu wake atamlilia wapi.

Nilikuwa nimebeba hasira yangu kwa ajili ya Nafula peke yake. Sikuwa nimefikiria kwamba ukichukua maneno ya maiti mmoja ukamvika mwingine, wote wawili wanabaki bila nguo.

Alitaka tumchapie kijitabu cha ukumbusho wa mwaka mmoja. Watoto walikuwa wameshaagiza Nairobi, lakini yeye alitaka chake. Nikavuta kiti, nikamwuliza, "Mzee, mama akikasirika alikuwa anafanya nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Alisema mke wake akimkasirikia alikuwa anatoa betri kwenye redio anazianika juani, halafu anamwambia betri zimeisha, zinahitaji kupata joto. Naye Mzee anapenda taarifa ya habari kuliko chakula. Basi jioni wanakaa wawili, redio kimya, mpaka hasira ya mama ipoe, ndipo anakumbuka kwamba betri sasa zimepona.

"Mimi nilikuwa najua ni nzima," akasema. "Miaka yote. Sikumwambia, kwa sababu hiyo jioni ya kukaa kimya na yeye, mimi nilikuwa naipenda."

Nilichapa. Sikugusa hata neno. Alipoondoka aliniomba nimtafutie Nafula.

Ukumbusho ulifanyika pale pale nyumbani kwao, mahema machache safari hii. Nafula hakutaka kuja, nilimburuta. Mheshimiwa alikuwa mbele na miwani yake ya jua, Collins nyuma yake na simu zake. Mzee aliposimama walidhani anataka kuomba. Alisoma kwanza habari za betri, polepole, kwa sababu macho yake si mazuri, na dada za marehemu wakaanza kupigana mabega na kucheka kwa vilio, maana wao walimjua. Kisha akakunja karatasi.

"Mwaka jana hapa tulilia mama ya mtu mwingine," akasema. "Huyu msichana ndiye mtoto wake. Simama, mama. Nimekuita nikurudishie mama yako, kwa sababu alikaa kwangu na mimi sikumwalika. Hilo jino ni la kwenu."

Nafula alisimama. Mzee alimwambia aseme mwenyewe, na yeye akasema yote, jino na mvua na maturubai, bila karatasi. Aliposema jina la mama yake, wazee kadhaa walivua kofia. Mheshimiwa alikuwa anatazama viatu vyake. Sitawadanganya kwamba aliomba msamaha. Alipopewa nafasi alishukuru wote kwa kuhudhuria na kutaja barabara inayojengwa. Lakini nilipotoka na Nafula alinisimulia habari za mama yake njia nzima mpaka mjini, nyingine nimeshazisahau, zilikuwa nyingi mno.

Mngedhani yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliingia mapema nikabandua kila kitu kwenye kioo. Bwana Kamau alikuja akanikuta, akafungua mdomo, akaniangalia usoni, akaufunga. Nilibandika karatasi moja tu, kwa ombi la Nafula: jalada la programu ya mama yake, lenye picha yake na jina lake lote. Sijamaliza kuosha mikono gundi, Collins akaingia. Alinisalimu vizuri kama shangazi yake. Akasema Jumamosi Mheshimiwa ana mazishi ya mzee mmoja mkubwa na atahitajika kusema neno.

"Mamangu, ile ya betri iligusa watu vibaya sana," akasema. "Huwezi kunipa kitu kama hiyo?"

Nilikaa. Nilihisi miaka yangu yote ya kazi imenikalia kichwani. Nikamwambia na yeye aketi, nikafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta, nikamwuliza huyo mzee akikasirika alikuwa anafanya nini.

Collins akasema hajui. Hakuwahi kukutana naye.

"Na Mheshimiwa?"

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, akasema Mheshimiwa pia hakuwahi.

"Basi Jumamosi mwambie akae chini na wengine," nikamwambia, "anyamaze, awaachie waliomjua waseme."

Alitoka nje. Nilimwona kupitia kioo akitoa simu na kuiinua, akatafuta la kupiga picha, akakuta mama wa Moi's Bridge anamtazama.